Kiuno, Jiwe na Fedha: Ngoma ya Baa katika Mji wa Likasi na katika Riwaya ya Tram 83

Wahakiki wa sanaa za Waswahili wameizoea ngoma inayochezwa uwanjani mchana, mbele ya wazee na watoto. Tumeiandikia makala mengi, tumeipa majina ya heshima na kuiingiza katika mitaala ya fasihi simulizi. Ngoma inayochezwa usiku ndani ya baa, mbele ya chupa za bia, mchezaji akibandikwa noti kwenye paji la uso, tumewaachia mapadri, wachungaji na askari polisi. Makala haya yanakusudia kuivuta ngoma hiyo ya pili katika uwanja wa uhakiki, kwa kuutazama mji wa Likasi pamoja na riwaya moja iliyoandikwa na mzaliwa wa Katanga. Swali lililozoeleka ni hili: je, kiuno kinachouzwa kinaweza kuwa sanaa? Kwa maoni yangu swali hilo limeulizwa vibaya. Sanaa za mijini huko Katanga ziliuzwa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyezikana kwa sababu hiyo. Linalotupasa kuuliza ni nani aliyeuza, nani aliyenunua, na fedha iliishia katika mfuko wa nani.

Likasi uko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji uliitwa Jadotville, na uhai wake wote ulitegemea shaba na kobalti: kiwanda cha Shituru, kambi za wafanyakazi wa Union Minière, na reli. Kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, posho, shule na hospitali. Ndiyo pia iliyopanga starehe za Jumapili, maana mabwana wa kampuni walijua kwamba mfanyakazi aliyepumzishwa vyema hurudi kazini Jumatatu. Kwa hiyo ngoma ya mjini haikuzaliwa nje ya biashara ikaja kuharibiwa na biashara. Ilizaliwa ndani yake, kati ya mshahara na bia.

Mfano ulio wazi ni Mwenda Jean-Bosco, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi hapo hapo Jadotville, na wimbo wake wa gitaa uitwao Masanga ukasambazwa katika sahani za santuri hadi Afrika Mashariki na Kusini. Mwanamuziki huyo aliimba Kiswahili cha Katanga, na mtindo wake wa kuzichukua nyuzi kwa vidole viwili ukawafunza wapigaji wa Nairobi na kwingineko. David Rycroft aliuchambua upigaji wake nota kwa nota katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa uangalifu ambao kwa kawaida wanazuoni huwawekea mabingwa wa Ulaya. Wakati huo huo, Mwenda alipokuwa Nairobi sauti yake iliuza vidonge vya Aspro, naye binamu yake Edouard Masengo aliletwa mjini humo kuitangaza Coca-Cola. Hatujapata kumsikia mhakiki akisema kwamba Masanga umepungukiwa na sanaa kwa kuwa mtunzi wake aliwahi kuuza dawa ya kichwa.

Basi kwa nini mnenguaji wa baa hapewi msamaha huo? Nadhani jibu ni jepesi kuliko tunavyopenda kukiri. Mwenda alikuwa mwanamume, aliketi kitini, na chombo chake kilikuwa cha mbao. Chombo cha mnenguaji ni mwili wake mwenyewe, na mnunuzi hupenda kudhani kwamba akilipia mchezo amelipia na chombo. Hapo ndipo biashara ya ngoma inapotofautiana na biashara ya gitaa, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ni tofauti ya hatari inayomkabili msanii. Haipunguzi wala haiongezi thamani ya kile anachokifanya.

Tukiutazama mchezo wenyewe, tunakuta kwamba ngoma za kiuno katika ukanda huu zina chuo chake. Audrey Richards aliishuhudia jando ya wasichana wa Wabemba mwaka 1931, upande wa pili wa mpaka, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na kitabu chake Chisungu kilitoka mwaka 1956. Humo tunaona kwamba kucheza ni sehemu ya mafunzo, chini ya uangalizi wa somo ambaye Wabemba humwita nachimbusa. Unyago wa pwani una mantiki iyo hiyo: kiuno hufunzwa na wanawake kwa wanawake, mlango ukiwa umefungwa. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliitoa ngoma hiyo chumbani akaipandisha jukwaani, na walimwengu wakamshangilia. Walikuwako waliomlaumu kwamba ameuza siri. Ila hapana aliyethubutu kusema kwamba Bi Kidude hakuijua kazi yake.

Mutuashi wa Waluba wa Kasai umepita njia inayokaribiana na hiyo. Aliyeupeleka duniani ni Tshala Muana, ambaye hakuzaliwa Kasai bali Lubumbashi, wakati mji huo ungali ukiitwa Elisabethville, mwaka 1958. Inafaa kukumbuka kwamba hakuanza kama mwimbaji. Mwaka 1977 alikuwa mnenguaji katika bendi ya M'Pongo Love, yaani mmoja wa wale wanaosimama nyuma ya jina la mwingine. Alipokuwa mwimbaji hakuacha kunengua, na jina la Malkia wa Mutuashi alilipata kwa kiuno na koo pamoja. Waliomshutumu kwa uchafu walikuwa wengi. Waliompenda hawakuwa wachache, na miongoni mwao walikuwamo akina mama wa Kikasai waliotambua katika hatua zake kitu walichokijua tangu utotoni.

Kinachobadilika ngoma hii inapoingia baa kinahitaji kuelezwa kwa usahihi, kwani shutuma nyingi hukosea shabaha. Kwanza, duara huvunjika na kuwa mstari: katika duara kila mtazamaji ni mchezaji wa zamu inayofuata, lakini mbele ya jukwaa mtazamaji hana zamu. Pili, uhusiano kati ya mguu na mdundo hugeuka. Katika ngoma ya duara mchezaji stadi huweza kumlazimisha mpigaji kumfuata. Kiuno huuliza, ngozi ikajibu. Katika bendi ya Kikongo mnenguaji hungojea sebeni, pale gitaa linapochukua usukani na mghani anayeitwa atalaku anapoita jina la mtindo mpya, naye mnenguaji hutii. Huo ndio upotevu mkubwa wa kisanaa. Unatokana na mgawanyo wa kazi ndani ya bendi, na hata nguo ikirefushwa hadi kifundoni, mnenguaji aliyenyang'anywa haki ya kuuliza ataendelea kuwa pambo. Kinyume chake, Tshala Muana aliweza kuirudisha haki hiyo kwa sababu bendi ilikuwa yake.

Fedha nayo ina utaratibu wake ambao haufai kuchukuliwa kuwa fujo tu za walevi. Wapenzi wa taarabu wanaufahamu vyema utaratibu wa kutunza: msikilizaji huinuka, hucheza hadi jukwaani, humpa mwimbaji noti, na kwa tendo hilo huutwaa ubeti ukawa kauli yake dhidi ya mtu fulani aliyeketi ukumbini. Kelly Askew ameueleza utaratibu huu kwa kirefu katika Performing the Nation (2002). Katika Kongo uko ndugu yake, nao ni libanga. Neno hilo la Kilingala maana yake ni jiwe. Kutupa jiwe ni kulitaja jina la tajiri katikati ya wimbo kwa malipo. Na kuponda jiwe ni kuhangaikia riziki. Joe Trapido aliuita utafiti wake wa muziki wa Kinshasa na Paris Breaking Rocks (2016) kwa sababu hiyo.

Kinshasa, jiwe hilo ni sitiari. Likasi si sitiari kamwe. Tangu Gécamines ilipoanza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hasa baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002, maelfu ya wachimbaji wa mikono katika ukanda huu wamekuwa wakiyaponda mawe halisi, wakayauza kwa gunia kwa wachuuzi, na kurudi mjini na noti ambazo hazina uhakika wa kurudi tena kesho. Noti hizo ndizo zinazobandikwa kwenye paji la uso la mnenguaji. Kati ya mchimbaji na mnenguaji kuna undugu ambao mashairi ya mapenzi ya dansi hayausemi: wote wawili wanauza kile kinachochakaa. Mmoja mapafu na mgongo, mwingine magoti na ujana.

Hapa ndipo riwaya ya Fiston Mwanza Mujila inapotufaa. Mwandishi huyu alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, na Tram 83 ilitolewa kwa Kifaransa na Métailié wa Paris mwaka 2014. Tafsiri ya Kiingereza ya Roland Glasser ilifuata mwaka 2015, na riwaya ikapata Tuzo ya Etisalat ya Fasihi. Mahali ni baa katika mji usiotajwa jina, uitwao tu Mji-Nchi, uliojitenga na taifa lake na unaoishi kwa machimbo. Msomaji wa Katanga hahitaji ramani. Wanaoingia ndani ya baa hiyo ni wachimbaji, wanafunzi wanaogoma, watalii waliokuja kutafuta faida, wanamuziki, wahudumu wenye ukali, na wasichana. Lucien ni mwandishi anayejaribu kukamilisha tamthilia kuhusu historia ya Afrika. Rafiki yake wa zamani, Requiem, anaishi kwa magendo na kwa picha za utupu anazowatishia wakubwa. Malingeau ni mchapishaji wa Kizungu anayemtaka Lucien aipunguze kazi yake, awakate wahusika, ili iwezekane kuuzika.

Fani ya riwaya hii inastahili sifa. Mujila huandika kwa orodha: sentensi moja huweza kuwataja wateja wote wa baa, kabila kwa kabila la kazi zao, bila kupumua, mpaka msomaji ahisi jasho la chumba. Kibwagizo chake kikuu ni swali la wasichana wa baa wanaomuuliza mteja saa. Swali hilo hukatiza mazungumzo ya falsafa, hukatiza mapenzi, hukatiza hata fikra za Lucien, na hurudi kama sebeni. Sijaona riwaya nyingine ya Kikongo ambamo mdundo wa ukumbi umekuwa muundo wa usimulizi kwa kiwango hiki. Riwaya yake iliyofuata, La Danse du Vilain (2020), ilikwenda hadi kuitwa kwa jina la ngoma, lakini kwa ukali wa muundo haiifikii ile ya kwanza.

Pamoja na sifa hizo, Tram 83 ina upungufu unaogusa kiini cha mjadala wetu. Mgogoro wa sanaa na biashara umewekwa kati ya wanaume wawili, Lucien na Requiem, na mwamuzi wao ni mwanamume wa tatu, Malingeau. Lucien anaamini kwamba neno lililo safi litauokoa mji. Requiem anamcheka kwa sababu mji hauli maneno. Ubishi huo unavutia, lakini unafanyika mezani, na nyuma ya meza hiyo kuna watu wanaoishi mgogoro ule ule kila usiku kwa miili yao, nao hawakupewa nafasi ya kuwaza. Mwimbaji wa baa, yule anayeitwa Diva wa reli, huimba na kuliza watu, ila hatuambiwi analipwaje. Wasichana wanabaki kibwagizo. Kifani kibwagizo ni pambo zuri. Kimaudhui kinawafanya kuwa sauti ya saa ya ukutani.

Yapo na makubwa zaidi. Wale ambao riwaya inawaita vifaranga vya bata ni wasichana ambao kwa umri wao bado ni watoto. Hapa hoja ya uhuru wa msanii haina la kusema. Mtu mzima aliyejifunza kunengua anaweza kuuza mchezo wake na kutetewa na mhakiki. Mtoto hauzi kitu, anauzwa. Yako maoni kwamba riwaya imekusudia kutuonyesha uovu huo kwa kuutaja bila kuulalamikia, kama vile mji wenyewe unavyoutazama. Maoni hayo yana uzito. Lakini mwandishi anapolirudia swali la mtoto mara nyingi kwa ajili ya mdundo, msomaji huanza kuungojea mdundo na kumsahau mtoto. Sidhani kwamba athari hiyo imedhibitiwa.

Jambo lingine ni stesheni. Riwaya inafunguka kwenye stesheni ambayo ni chuma kitupu, isiyomalizika, na wahakiki wa Ulaya wameisoma kama nembo ya Afrika iliyokwama. Likasi ina stesheni yenye historia nyingine. Mwaka 1992 na 1993, chuki za kisiasa zilipowageukia watu wa asili ya Kasai waliokuwa wameishi Katanga kwa vizazi, makumi ya maelfu walifukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi, na wengi wakapiga kambi kwenye stesheni ya Likasi wakingojea treni za kuwapeleka nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengi walifia hapo na njiani. Watu hao ndio waliokuwa wameuleta mutuashi katika kambi za Union Minière. Ngoma ilibaki katika baa, wenye ngoma wakaondoka, na kiuno cha Kikasai kiliendelea kuuza bia kwa watu waliokuwa wamewafukuza Wakasai. Soko halina kabila. Lakini halina kumbukumbu pia, na riwaya iliyoufuta mji jina lake imejinyima kumbukumbu hiyo.

Kwa wasomaji wa jarida la Kiswahili suala la lugha haliwezi kuachwa. Katika kumbi za Likasi watu hutongozana, hudaiana na kutukanana kwa Kiswahili cha Katanga, chenye viambishi vyake na maneno yake ya Kifaransa, lugha ambayo Johannes Fabian aliithibitisha tangu miaka ya 1970 kuwa chombo kamili cha nyimbo, michoro na dini ya watu wa kawaida. Lakini wakiinuka kucheza, aghalabu huinukia Kilingala. Hilo si tokeo la ubora wa lugha moja juu ya nyingine. Studio na viwanda vya santuri vilikuwa Kinshasa, redio ya taifa ilikuwa Kinshasa, na mwanamuziki wa Katanga aliyetaka kusikika alichagua kati ya kuhama na kuimba kwa lugha ya wengine. Njia aliyoifungua Mwenda mwaka 1952 ilizibwa na bei ya sahani. Biashara haikumwingilia msanii kiunoni tu, ilimwingilia hata mdomoni. Mujila naye ameyaandika mazungumzo ya baa kwa Kifaransa, lugha iliyompatia tuzo, na sina haki ya kumlaumu kwa jambo ambalo wachapishaji wetu wenyewe hawakumpa njia ya kulikwepa.

Wanaotaka serikali iingilie kati na kuzisafisha kumbi wana hoja ya adabu, nami siipuuzi. Hata hivyo, rekodi ya udhibiti huko Kongo yafaa isomwe. Mwezi Novemba 2020 Tshala Muana alikamatwa na idara ya usalama Kinshasa. Sababu haikuwa kiuno chake cha zaidi ya miaka arobaini, bali wimbo mmoja uitwao Ingratitude, uliodhaniwa kumsema Rais. Mwezi Novemba 2021 tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, mojawapo ukiwa Nini Tosali Te wa kundi la MPR, wimbo uliolalamikia hali ya nchi. Baada ya kelele za umma marufuku hiyo ililegezwa. Tume iliyopewa rungu la kulinda adabu hulitumia kwanza kulinda vyeo. Mnenguaji anayelipwa kwa noti za kubandikwa, asiye na mkataba na asiyejulikana kwa jina katika kasha la rekodi, hapati ulinzi wowote kutoka kwa tume ya namna hiyo.

Jina ni jambo kubwa kuliko linavyodhaniwa. Dar es Salaam, Aisha Madinda wa African Stars, bendi maarufu kwa jina la Twanga Pepeta, alijulikana na mashabiki kwa jina lake kama walivyojulikana waimbaji, na magazeti yalimwandika hivyo. Tabu Ley alipowapandisha wanenguaji wake katika ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1970, walitambulishwa kama Rocherettes, yaani kwa jina la yeye Rochereau. Tajiri akilipa, jina lake hutiwa ndani ya wimbo na kubaki humo hata baada ya kufilisika. Mnenguaji akicheza wimbo huo kwa miaka kumi, jina lake halimo.

Mfasiri atakayeileta Tram 83 katika Kiswahili atakabiliwa na uamuzi huu katika kila ukurasa wa baa. Kwa wanawake watu wazima wa jukwaani, Kiswahili kinampa angalau maneno matatu: mcheza ngoma, ambalo linamrudisha mtu uwanjani kwa wazee, mnenguaji, ambalo ni neno la kazi, la bendi na mshahara, na changudoa, ambalo limekwisha kutoa hukumu kabla sentensi haijaisha. Kifaransa cha Mujila kinaweza kuyaacha mambo haya yakiwa yamechanganyika katika orodha moja ndefu. Kiswahili hakitamruhusu mfasiri, maana wasomaji wake wa Likasi wanawajua wanawake hao, na watataka kujua ni yupi anayesemwa.